Ufunguo Uliotiwa Chumvi

Nimeambiwa nipumzike. Daktari wa macho amesema, mke wangu amesema, hata kijana niliyemuuzia mashine yangu ya funguo amesema. Basi nakaa. Nakaa dakika tano, halafu nasikia gari huko sokoni likipigwa starta mara mbili, mara tatu, bila kushika, na miguu yangu inasimama kabla sijaituma. Mke wangu anapiga kelele kutoka jikoni, "Kasongo, ile si motoka yako!" Najua si yangu. Katika magari yote niliyoyafungua kutoka Nchelenge hadi Kashikishi, huku ukingoni mwa ziwa, hakuna hata moja lililokuwa langu, na yote bado yananisumbua.

Ninyi vijana mnaokalia sasa meza zetu za funguo mmeniomba niwaeleze kazi. Mnataka kujua nilivyoanza. Sitaanza na mwanzo, mwanzo unachosha. Nitaanza na chumvi.

Hapa kwetu rimoti ya gari ikianguka ziwani, watu huitia kwenye chumvi. Msicheke. Kila mtu wa ukingo huu ameona tangu utotoni jinsi chumvi inavyovuta maji kutoka kwenye samaki, kwa hiyo anajiambia, kama inakausha samaki, itashindwa na rimoti? Nimeletewa rimoti kwenye kikombe cha chumvi, nimeletewa kwenye soksi iliyojaa chumvi, na siku moja mzee mmoja wa Kilwa, kile kisiwa chetu, aliniletea ya kwake ikiwa imepangwa katikati ya samaki wawili wakavu, kama ndugu yao wa tatu. Chumvi ikikutana na maji inakula shaba. Ile mistari myembamba ndani ya rimoti inageuka kijani, halafu inakatika. Ikianguka majini, toa betri yake kwanza, hapo hapo, hata kama unasimama na matope magotini. Suuza kwa maji safi. Pitisha spiriti kwa mswaki laini. Anika kivulini, usiweke juu ya bati la moto. Na kabla ya yote hayo, fungia ufunguo wako boya dogo la nyavu. Mnaishi na wavuvi, maboya yametupwa kila mahali, na bado watu wanazamisha funguo!

Sasa jambo la pili, ambalo lilinigharimu aibu. Kichwa cha ufunguo kina vitu viwili tofauti. Kuna vitufe, vinavyofunga na kufungua milango, hivyo vinahitaji betri. Halafu kuna chipu, kitu kidogo cheusi kama punje ya mchele, hiyo haihitaji betri wala haijali maji, maana imezibwa pande zote. Gari linaiuliza chipu, "Wewe ni nani?" Likipata jibu linalolijua, injini inashika. Lisipolijua, utapiga starta mpaka jioni.

Mimi na mwalimu wangu hatukujua hilo. Mwalimu wangu alikuwa Ba Chanda, Mbemba aliyechonga funguo za makufuli na kutengeneza miavuli. Nilipovuka mpaka kutoka Pweto na mke wangu, bila kazi wala neno la Kibemba, yeye aliniambia "Mwaiseni," akanikaribisha, akanipa tupa mkononi kabla hata sijakaa. Kwake ugonjwa wa kila chuma ulikuwa mmoja, ukosefu wa mafuta. Kufuli likikataa, mafuta. Mwavuli ukikwama, mafuta. Siku ya kwanza tulipoletewa gari lenye chipu, nilichonga ufunguo safi kabisa. Ukaingia, ukazunguka, starta ikalia, injini ikakataa. Nikachonga wa pili. Nikachonga wa tatu. Ba Chanda akamimina mafuta mpaka yakatiririka kwenye usukani, kisha akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Iyi motoka iko na kiburi," akasema.

Dereva mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyetuambia kwamba ndani ya ufunguo uliokuja na gari kuna kitu kinachosema na gari. Tukaona haya. Tangu siku hiyo Ba Chanda hakupenda tena magari, akaniachia mimi. Lakini aliniambia neno moja, nami nikalipuuza kwa miaka mingi. "Kasongo, weye mikono yako iko muzuri. Haraka yako njo mbaya."

Ni kweli, mimi ni mtu wa haraka. Chakula nakula nimesimama. Mteja akianza hadithi, mimi tayari niko chini ya usukani. Mashine za kompyuta zilipofika nilizipenda kwa sababu zilikwenda kwa mwendo wangu: chomeka, soma, futa, andika, nenda. Nikajiwekea kanuni mbili, nikajivuna nazo sana.

Ya kwanza ilikuwa ya kumjua mwenye gari. Kabla ya kufungua, namuuliza mtu: ndani kuna nini ambacho hakionekani dirishani? Mwizi anajua kilicho kwenye kiti. Mwenye gari anajua kilicho chini ya kiti. Ya pili ilikuwa ya kufuta. Ufunguo uliopotea ni ufunguo ulio mkononi mwa mtu usiyemjua, kwa hiyo ukiandika mpya, futa wa zamani wote kwenye kumbukumbu ya gari. Ni kanuni nzuri zote mbili, hata leo nazifundisha. Ndizo zilizonifanya nimdhulumu mjane.

Alasiri moja alinijia kijana wa kwetu Pweto, mtanashati, viatu vyake vimepigwa rangi. Jina lake Ngoy.

"Papa Kasongo, jambo. Motoka yetu iko kule chini ku maji. Lufungula ilipotea mu ziwa. Papier iko, angalia."

Nikaangalia kitabu cha gari. Jina la kwanza lilikuwa jingine, la ukoo ni lake.

"Ni ya kaka yangu," akasema. "Ni ya ku famille."

Nikamtupia swali langu tukiwa bado njiani. "Chini ya kiti ya chauffeur kuko nini?"

"Kuko Biblia, ganda yake ilipasuka. Na filimbi. Kaka alikuwa arbitre ya mupira."

Tulifika. Ilikuwa Noa ya buluu, taa moja ina ufa, imesimama karibu na chanja ambapo akina mama walikuwa wanaanika chisense, wale dagaa wetu. Niliwapita mbio na sanduku langu. Nikafungua mlango kwa waya, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikatoa Biblia iliyopasuka na filimbi. Basi, nikaridhika.

Nilipofungua boneti nikakuta hakuna betri. Waya zake zilikuwa zimefungwa vizuri kwa vitambaa safi, kila mmoja na chake. Vijana, sikilizeni hapa. Mtu aliyepoteza ufunguo hawezi kufungua boneti. Yule aliyetoa betri ile alikuwa na ufunguo, na aliyefunga vile vitambaa alikuwa anakusudia kurudi. Gari lenyewe lilikuwa linaniambia, nami nilimuuliza Ngoy tu, "Batterie iko wapi?"

"Ah, Papa, bezi ni bengi huku. Kesho nitaleta ingine."

Nikaunganisha betri yangu. Nikatoa kisanduku cha kompyuta, nikasoma kumbukumbu yake.

"Futa zote za zamani," Ngoy akasema. "Kama mutu aliokota mu maji, atatuibia."

Aligusa kanuni yangu ninayoipenda. Nikafuta. Nikachonga ufunguo mpya, nikaandika chipu yake, injini ikashika, nikaizima, nikachukua betri yangu, nikaondoka nikipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata alikuja mama mmoja, kitenge kimelowa mpaka magotini, ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na chumvi, na ndani ya chumvi, ufunguo.

"Papa, miye ni Mama Yumba. Jana jioni nilitoka ku kisiwa ya Chisenga na samaki. Wakati ya kushuka mu boti, lufungula ilikatika mu shingo, ikaanguka mu maji. Banamuke balinipa chumvi, ikalala mule usiku yote. Sasa motoka inalia, inalia, lakini haishike. Fanya mbio, Papa. Samaki yangu iko mu jua, na ile motoka njo inalisha batoto yangu bane."

Kazi kama hiyo ndiyo niliyoitaka. Nikapasua gamba la ufunguo. Mistari ya vitufe ilikuwa imeoza, ya kijani tupu, hiyo nikaisamehe. Nikaitoa chipu, nikaiweka kwenye kipimo. Taa ikawaka. Chipu ilikuwa hai kabisa.

"Mama, usilie. Roho yake iko."

"Sasa juu ya nini motoka inakataa?"

Nikabeba sanduku langu. Tulitembea kwenda majini, yeye akieleza kwa pumzi fupi. Mume wake alikufa wakati wa mvua. Baada ya matanga, ndugu za mume walikuja kukusanya vitu vya marehemu, kama wanavyofanya katika baadhi ya koo zetu. Walichukua kitanda, redio, injini ya boti, hata kitabu cha gari.

"Motoka hawakupata," akasema, "kwa sababu lufungula ilikuwa inalala mu shingo yangu. Kila siku shemeji yangu Ngoy anakuja anaizunguka tu."

Niliposikia jina hilo nikapunguza mwendo. Nikajiambia akina Ngoy ni wengi. Ukitupa jiwe Pweto utampiga Ngoy. Halafu nikaiona Noa ya buluu yenye taa iliyopasuka.

Kwenye chanja alisimama Bana Mwape, mama wa Kibemba ambaye chumvi yake inajulikana na kila mtu pale ukingoni. Alikuwa amejishika kichwa.

"Awe, ba Kasongo, ni mimi," akasema. "Chumvi ilikuwa yangu. Mi njo nimeharibu motoka ya mwenzangu."

Mama Yumba akanigeukia. "Njo chumvi, ee? Papa, ni chumvi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Neno moja tu, "Ndiyo." Ningeweza kuandika chipu yake tena, kumfuta Ngoy kimyakimya, na kuwaachia chumvi lawama. Wangenisifu. Bana Mwape angeomba msamaha mpaka mwisho wa maisha yake, na jina langu lingebaki safi. Nawaambia wazi, nilitaka kusema hivyo. Nilitaka sana.

Kilichonizuia ni mikono ya Bana Mwape. Ilikuwa imepasuka kwa chumvi, miaka na miaka ya chumvi, na sasa alikuwa anaitazama kama vile ina hatia.

"Mama, chumvi haina kosa," nikasema. "Ni mi niliua lufungula yako. Jana, mi mwenyewe. Ngoy alikuja na papier."

Akina mama waliacha kugeuza samaki. Mama Yumba hakulia, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papier iko na jina ya bwana yangu," akasema polepole, "kwa sababu bwana njo alienda ku bureau. Miye nilikuwa ku Chisenga, natafuta samaki ya kuuza, tununue ile motoka."

Hapo ndipo nikawauliza wale wanawake swali ambalo nilipaswa kuuliza siku iliyotangulia. "Hii motoka ni ya nani?"

Walijibu wote kwa pamoja, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, wakimnyooshea Mama Yumba vidole vyenye magamba ya samaki. Bana Mwape akaniangalia machoni.

"Betri yake inalalaka kwangu, chini ya gunia ile, kila akienda ku visiwa; leo asubuhi njo ameirudisha. Jana ulipita hapa, tukafikiri yeye njo amekutuma. Haukutusalimia."

Hatua ishirini. Nilikuja kuzipima baadaye, siku moja nilipokosa usingizi wa mchana. Kutoka mlango wa Noa mpaka kwenye gunia la Bana Mwape ni hatua ishirini.

"Unaweza kuifufua?" Mama Yumba akauliza.

"Naweza."

"Basi uifufue hapa, mbele yangu. Na hawa banamuke baangalie."

Sijawahi kufanya kazi kwa hofu kama ile. Nikaangusha skrubu mchangani, mama mmoja akaiokota akaisafisha kwa kitenge chake. Nikafuta kila kitu, nikaandika chipu ya Mama Yumba peke yake. Ile mashine ya zamani ilikuwa na ugonjwa wa kufikiri, unaiambia andika, inakaa inakutazama. Nilizunguka gari, nikaangalia barabara, nikarudi, nikaangalia mashine, nikaangalia barabara tena. Mwishowe ikalia. Nikarudisha chipu ndani ya gamba, nikalifunga kwa gundi, nikampa mwenyewe.

Kabla hajaingia garini, tukamwona Ngoy. Alikuwa anasukuma baiskeli, betri imefungwa kwenye kiti cha nyuma, na mtu mmoja mwenye kofia nzuri anafuata kwa mguu. Ilikuwa wazi kwamba mwenye kofia amekuja kununua.

Ngoy hakumsalimu mtu. Boneti ilikuwa bado wazi, akaona betri ipo, akaiacha ya kwake kwenye baiskeli. Alitoa ufunguo niliomchongea, akafungua mlango, maana chuma bado kilikuwa sawa na kitasa, akakaa kwenye usukani. Starta ikalia. Akapiga tena. Ikalia mpaka sauti ikaanza kuchoka. Alishuka jasho likimtoka.

"Papa Kasongo! Lufungula yako haifanye!"

Nilifungua mdomo nimjibu. Bana Mwape alinitangulia. Alichota chumvi kwa bakuli lake, akatembea hatua zile ishirini bila haraka, akamnyooshea.

"Shemeji," akasema, "jaribu kuitia mu chumvi."

Hata wavuvi waliokuwa mbali walisikia kicheko kile. Mwenye kofia alikwenda zake bila kuaga. Mimi sikucheka. Nilimrudishia Ngoy pesa zake mbele ya watu, nikamwambia kwamba nilikosea kumfanyia kazi ile na kwamba nimeifuta. Aliniita mwizi, aliniita mkimbizi, ingawa yeye mwenyewe hakuzaliwa upande huu. Akaapa kwamba kitabu kitasema kweli mbele ya wakubwa. Kitabu kilikwenda kwa wakubwa, na akina mama wa chanja walikwenda pia, wote, wananuka samaki, wakasimama mlangoni mwa ofisi mpaka wakasikilizwa. Siku hizi jina lililoandikwa mle ni la Mama Yumba.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, baada ya Ngoy kuondoka, Mama Yumba aliwasha gari. Likashika mara ya kwanza. Walimsaidia kupakia, nami nikaanza kukusanya vyombo vyangu ili nikimbilie nyumbani nikajifiche.

"Papa, panda," akasema.

"Miye?"

"Weye. Ninaenda Kafutuma kuongeza mizigo. Kama itakufa mu njia, nataka ukuwe ndani."

Nilipanda. Njia nzima sikusikiliza kitu isipokuwa injini. Kila shimo nilidhani itazima. Kila alipopunguza mwendo moyo wangu ulipunguza naye. Nilitaka kuomba msamaha tena, lakini nilikuwa nimekwisha kuomba mara tatu, na msamaha ukizidi unakuwa kelele.

Vijana, mashine zenu zinafuta kwa sekunde. Mnabonyeza tu, mkitafuna karanga. Siwaambii msifute. Nawaambia, kabla ya kubonyeza, inueni kichwa, mwangalie nani anafanya kazi karibu na gari lile, mwende mumsalimie. Kitabu kinaweza kuwa na jina la mtu, na kiti kinaweza kuwa na Biblia yake. Jirani anayeanika samaki ndiye aliyemwona nani anapakia, nani anaosha, nani anatoa betri na kuifungia vitambaa.

Kule Kafutuma alisimamisha gari chini ya jua, karibu na watu waliomngoja na magunia. Akazima. Nilishtuka kidogo, nikafikiri, sasa itawaka tena? Alitoa ufunguo. Niliona amekwisha kuufungia boya jekundu la nyavu, sijui alilipata saa ngapi. Kwa desturi yake angeuvaa shingoni. Aliushika hewani kidogo, akaniangalia, halafu akanipa mimi.

"Shika," akasema. "Mikono yangu itachafuka."

Akaenda kwenye magunia yake bila kugeuka. Niliupokea ufunguo ule kwa mikono miwili, nikakaa nao kwenye kiti kama mtoto aliyetumwa yai, na sikuinuka hata mara moja mpaka aliporudi.